Mtoto wa Kanada

Ukimuuliza Mkongo wa Tottenham alizaliwa lini, muulize vizuri: kwa mwili au kwa karatasi? Nusu ya kanisa la kina Léocadie wamezaliwa tarehe mosi Januari. Ukiyaamini mafaili ya uhamiaji ya Home Office utadhani kule Fizi na Uvira wanawake wote walingoja fataki za mwaka mpya ndipo waanze uchungu. Watu hucheka wakifika hapo, na wakishacheka hawaulizani zaidi. Ni adabu. Mtu mzima haulizwi tarehe yake ya pili.

Léocadie aliijua adabu hiyo kuliko wengi, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwajazia wenzake fomu. Fomu ya nyumba, ya shule, ya pasi, zote zilipita mezani kwake Jumapili baada ya ibada, na kalamu yake nyeusi haikukosea kisanduku. Siku za kazi alihudumia wazee majumbani mwao, asubuhi na jioni, kwa basi na kwa miguu. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na mikono yenye joto, na wazee walimpendea mikono hiyo. Mwenyewe alisema mikono ina joto kwa sababu moyo una baridi. Wakadhani anatania.

Mzee wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa Anne Rattray, ghorofa ya nne, lifti ikiwa imekubali. Mskoti wa Dundee, miaka themanini na sita, hakuolewa, hakuzaa. Alikuja Landani akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akakata tiketi kwenye mabasi mpaka mabasi yakaacha kuwa na wakata tiketi. Macho yake yalikuwa yamekwisha na moyo ulikuwa unayafuata. Ulimi ndio uliobaki mzima. Alimwita Léocadie "binti", Léocadie akamwita "Mama Anne", na chai ikichelewa majirani nao walijua.

Asubuhi moja ya Oktoba, Léocadie akimpaka mafuta miguuni, Anne alimwambia afungue droo ya chini alete bahasha. Ndani mlikuwa na picha moja tu. Mtoto wa kike wa miaka mitatu minne hivi, amesimama mlangoni pa nyumba ya mawe, utepe kichwani, soksi moja imeshuka.

"Huyo ni dada yangu," Anne akasema. "Jina lake silijui."

"Dada yako, na jina hulijui?"

"Nilimuuliza baba mara moja, nikiwa na miaka saba. Akasema, huyo ni dada yako mkubwa, alikwenda Kanada na mama yako mkubwa kabla hujazaliwa. Nikamuuliza anaitwa nani. Baba akachukua kofia yake, akatoka nje. Mama sikuthubutu."

Mama yake alifuma magunia kiwandani miaka thelathini, mitambo ikamla masikio. Jumapili, siku yake ya kupumzika, alikaa dirishani. Kuna Jumapili alikuwa akiita, "Annie!" akielekea barabarani, na Anne yuko nyuma yake hapo hapo jikoni anamenya viazi. "Niko hapa, Mama." Mama aligeuka, akamtazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake, kisha akarudi dirishani.

"Nilijua hanipendi," Anne akasema. "Nilijua anampenda yule wa Kanada. Maisha yangu yote nimemwonea wivu mtoto mwenye soksi iliyoshuka." Akaupapasa mkono wa Léocadie mpaka akaupata. "Daktari ameniambia nisipange mambo ya kiangazi. Nitafutie, binti. Yeye pengine hayupo tena, lakini labda alizaa. Nataka mtu mmoja wa damu yangu ajue kwamba nilikuwepo."

Kwa sheria za kazi Léocadie alitakiwa awe ameondoka dakika tano zilizopita. Akaishika picha ile, akaitazama soksi. Akasema, "Nitakutafutia."

Kwa nini alikubali? Huruma ilikuwepo, lakini isingetosha peke yake. Ni kwamba hata nyumbani kwake mlikuwa na mtoto asiyesemwa.

Mwaka wa elfu mbili, tarehe tisa Machi, Léocadie alizaa binti katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Wakamwita Gloire. Gloire alitembea mapema, akawa mtoto wa kukimbia, akakimbia mpaka kifua kilipomkamata. Alikohoa wiki tatu, na Septemba ya mwaka uliofuata akafa, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Léocadie alikuwa na mimba ya miezi saba. Walimzika alfajiri, watu watatu na jembe. Aristide, mumewe, akamshika mabega akamwambia asitoe sauti, kwa sababu mtoto akijulikana amekufa jina linafutwa kwenye kadi, na jina likifutwa mgao unapungua. Hakuwa mtu mbaya. Ni njaa iliyokuwa inasema. Kilio huanza mfiwa, na kwa kuwa mfiwa hakulia, hakuna aliyelia. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Pale kambini ilikuwa kinyume, Gloire hakuwapo, na lake lilikuwapo kila mgao, unga, maharage na mafuta.

Novemba akazaliwa binti mwingine. Kwa siku nane Léocadie alimwita jina alilomchagulia yeye mwenyewe. Siku ya tisa wakatangaziwa kuhesabiwa kambi nzima. Aristide akaitoa kadi chini ya godoro, akaitazama, akasema, "Mutoto mumoja amekufa, mutoto mumoja amezaliwa. Hesabu iko ile ile." Léocadie akamfunga mtoto mchanga mgongoni, akamfunika kitenge kichwa na miguu, wakapita mbele ya meza. Karani akahesabu uvimbe mgongoni, akaandika: Gloire, yupo.

Hivyo ndivyo alivyokuja Uingereza, baadaye, kwa jina la marehemu na tarehe ya marehemu. Shuleni alikuwa mdogo kuliko wote darasani, walimu wakasema ale vizuri. Kila tarehe tisa Machi Léocadie alioka keki, akawasha mishumaa, akalia, na binti yake akaamini mama analia kwa furaha. Na kila alipoita "Gloire!" ilikuwa anaita watu wawili, na yule wa kwanza ndiye aliyewahi, alimsikia akija mbio kwenye korido, akikohoa, kabla ya huyu mkubwa kujibu "Yeah, Mum" kutoka chumbani. Miaka ishirini na tatu. Aristide alikuwa amekwisha kufa, akaiacha siri kwa mtu mmoja. Léocadie aliogopa Home Office, ndiyo, lakini zaidi alimwogopa binti yake.

Basi akaanza kumtafuta dada wa Anne. Alitumia dakika za mwisho za kila zamu, na Jumamosi alikwenda maktaba, kwenye kompyuta ya karibu na dirisha. Siham, Mzanzibari aliyekuwa akifanya kazi pale, alimfundisha kufungua kumbukumbu za Skotilandi: waliozaliwa, waliooana, waliokufa, waliopanda meli. Léocadie akashangaa. Watu maskini, wafuma magunia, wabeba makaa, watu ambao hawakuwa na kitu, na kila mmoja ameandikwa, mama yake ameandikwa, nyumba aliyofia imeandikwa. Kwao huko Fizi hata chifu hakuwa na karatasi ya kuzaliwa.

Orodha ya meli ilipatikana mapema. Mama mkubwa wa Anne, mumewe na wavulana wao wawili waliondoka Glasgow Mei elfu moja mia tisa thelathini na sita, kwenda Quebec. Mtoto wa kike hakuwemo. Mwingine angesimama hapo akafikiri. Léocadie hakusimama, kwa sababu ya mahali alikotoka. Kwake, mtu kutokuwemo kwenye orodha hakukuwa na maana kwamba hakusafiri. Maana yake alisafiri kwa jina la mwingine. Akaanza kuwasaka wasichana wote wa meli ile, mmoja mmoja, mpaka kwenye daftari za Kanada. Novemba ikaisha, Krismasi ikapita.

Na kulikuwa na jambo jingine aliloliona, akalipita. Kwenye orodha ya waliozaliwa Dundee alimkuta Anne Rattray wa mwaka thelathini na mbili, na Anne Rattray wa mwaka thelathini na nane, mama yao ana jina lile lile la ukoo. Léocadie alitabasamu peke yake. Kumbe hata Mama Anne ana tarehe mbili! Kumbe hata Waskoti! Akamfichia siri, kwa adabu. Asubuhi yake alipomwosha mgongo alimwosha kwa upendo zaidi, kama mtu aliyekutana na ndugu wa kambini. Hakumuuliza neno.

Kosa hilo lisingefanywa na Mwingereza yeyote. Liliwagharimu majira yote ya baridi, na Anne hakuwa na majira ya kuchezea. Kufikia Februari hakuweza tena kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kupumzika katikati. Kila asubuhi aliuliza, "Kanada wanasemaje?" na kila asubuhi Léocadie alijibu, "Bado, Mama Anne," huku akimfunga vifungo.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, Siham alipita na toroli la vitabu akamkuta ameegemeza kichwa mkononi.

"Da Léocadie, hebu nikuulize. Kwenye vifo ushatazama?"

"Vifo juu ya nini? Ule mutoto alikwenda Kanada."

"Nani kasema?"

"Baba yake."

Siham akavuta kiti, akakaa. "Mie nimekaa hapa mwaka wa tisa, nawatafutia watu wazee wao. Asiyeonekana melini, mtazame kaburini kwanza. Baba zao hawa wakishindwa kusema neno, husema Kanada."

Léocadie akaandika jina lile moja alilokuwa nalo. Rattray. Dundee. Thelathini na mbili mpaka thelathini na nane. Ukurasa ukafunguka, mwandiko wa karani, wino mweusi, mstari wa tatu. *Anne Rattray, miaka minne. Tarehe mbili Februari 1936. Dondakoo.* Na kwenye safu ya mtoa habari, sahihi iliyotetemeka ya mfuma magunia, na mbele yake: *Mama. Alikuwepo.*

Alisoma mara tatu. Halafu zile Anne mbili zikamrudia, thelathini na mbili, thelathini na nane, na safari hii akazisoma inavyopasa. Walikuwa watoto wawili. Mmoja amekufa, mmoja amezaliwa. Hesabu ile ile.

Akalia hapo hapo maktabani, kwa sauti, kilio alichokatazwa alfajiri ile. Watu waliokuwa wakisoma magazeti wakainua macho. Siham alimshika mgongo akidhani analia kwa ajili ya mzee wake. Léocadie alikuwa analilia neno moja, "alikuwepo". Yeye naye alikuwepo. Alimshika Gloire wake mpaka pumzi ya mwisho, na hakuna daftari duniani lililoandika kwamba mtoto yule alikufa, wala kwamba mama yake alikuwepo. Kwa karatasi, mtoto yule anafanya kazi ofisini Wood Green na wiki ijayo anatimiza miaka ishirini na mitano.

Jumatatu alipanda ngazi za ghorofa nne akitafuta uongo. Angeweza kusema amepatikana, aliolewa Ontario, alikufa usingizini, aliacha wajukuu wanaokusalimia. Anne hakuwa na macho ya kukagua. Nani angejua? Alifika mlangoni uongo ukiwa tayari, mzuri, umenyooka. Lakini alipoingia akamkuta mzee ameshaketi, amechana nywele mwenyewe, amekielekeza kichwa mlangoni kama mtoto anayengoja mgeni. Léocadie akaona haya.

"Hakwenda Kanada, Mama Anne." Akapiga magoti, akamshika miguu yote miwili. "Alikufa kwa dondakoo, miaka miwili kabla hujazaliwa. Jina lake ni Anne."

Chini barabarani basi likashusha abiria, likaondoka.

"Kwetu ndivyo ilivyokuwa," Anne akasema mwishowe. "Binti wa kwanza anachukua jina la bibi mzaa mama. Akifa, anayefuata analichukua. Jina haliachwi lipotee. Nililijua hilo, binti, mtaa mzima tulilijua. Ila mimi nilikuwa na dada Kanada." Akapumua kwa shida. "Kumbe alipokuwa anaita dirishani, alikuwa anamwita yeye. Na anayeitika ni mimi. Kila mara. Maskini mama yangu."

Alilia kidogo, macho yale yasiyoona yakitoa machozi kama ya mtu yeyote. Kisha akaomba kalamu. Akataka Léocadie aandike nyuma ya picha. Anne Rattray, 1932, 1936. "Mama alikuwepo, umesema imeandikwa? Andika na hilo."

Léocadie akaandika kwa kalamu yake nyeusi.

"Sijui wangeniita nani," Anne akasema, "kama yeye angeishi. Hilo hakuna mtu aliyewahi kulifikiria, hata mimi. Miaka themanini na sita nimevaa nguo ya mtu, na mwenyewe alikuwa dirishani." Akageuza uso. "Wewe una watoto wangapi? Sijawahi kukuuliza."

"Mmoja," Léocadie akasema, maana ulimi ulishazoea. Akaifunga bahasha. Akaifungua tena bila sababu. "Hapana. Wawili. Nimezaa wawili."

Anne alisubiri, na hakuongezewa neno, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuchokoza. Alisema tu, "Basi mwambie yule aliyebaki. Asije akatafutiwa ukweli wake na mtu wa kumwosha miguu."

Jumapili iliyofuata ilikuwa tarehe tisa. Walirudi kutoka kanisani, Léocadie akatoa keki jikoni, nyeupe, jina la Gloire limeandikwa juu kwa sukari ya waridi. Marafiki wangekuja jioni. Saa ile walikuwa wawili tu, kama kila mwaka, mishumaa na sala kwanza. Gloire alikuwa bado na koti la kanisani. Aliinama apulize.

"Usizime."

"Mum? Juu ya nini?"

"Ile keki haiko yako, mutoto yangu."

Gloire alicheka. Alipoona mama yake hacheki, akavuta kiti, akakaa. Léocadie alibaki amesimama upande wa pili wa meza, akashika ukingo wake, akaeleza yote. Kikohozi. Jembe. Kadi chini ya godoro. Kitenge. Karani. Hakujitetea, wala hakumtetea au kumlaumu Aristide. Mishumaa ikaisha mmoja mmoja, nta ikamwagikia jina. Kwenye korido hakukuwa na sauti ya mtu, na ukimya huo ulimtisha Léocadie kuliko kikohozi.

"So nina miaka ngapi?" Gloire akauliza.

"Makumi mbili na tatu."

"Na siku yangu?"

"Tarehe kumi na saba, mwezi wa kumi na moja."

Kila mwaka, siku moja ya Novemba, Léocadie aliamka kabla ya zamu akakaanga mandazi, akayaacha jikoni yamefunikwa kitambaa. Akiulizwa kuna nini, alisema nimejisikia tu.

"Siku ya mandazi," Gloire akasema.

Léocadie akaitikia kwa kichwa.

"All these years, Mum. Nilikuwa nakula birthday ya mtu." Sauti ilikuwa na hasira, na Léocadie aliipokea, kwa sababu ilikuwa haki yake. "Yeye, alikuwa aje?"

"Alikuwa anapenda kukimbia. Hata akikohoa, alikuwa anakimbia."

Gloire akaufuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akauliza lile ambalo Léocadie alilijua litakuja, tangu Jumatatu, tangu miguuni pa Anne.

"Na mimi? Nilikuwa na jina?"

"Siku nane."

"Niite."

Léocadie hakuwa amelitamka jina lile tangu kambini, hata katika sala, hata peke yake chini ya maji ya bafu. Alimtazama binti yake, aliyekaa mbele yake, meza moja katikati yao, hakuna mtu mwingine nyumbani.

"Plamedie," akaita.

Na Gloire akageuka, akatazama nyuma yake kuona ni nani anayeitwa.